Fundi wa Programu na Kazi ya Kuongoza Mafundi

Wanafunzi wa Jorodom wanazijua kazi nyingi zinazofanywa kwa mikono. Wanamjua mkulima wa mahindi na maharage, mchungaji wa ng'ombe, seremala, mwashi na mshona nguo. Kazi za watu hao huonekana kwa macho: mlango umetengenezwa, ukuta umesimama, ng'ombe wamerudi zizini jioni. Lakini iko kazi nyingine ambayo matunda yake twayatumia kila siku, wala hatumwoni aliyeifanya. Nayo ni kazi ya fundi wa programu, ambaye wasomi humwita mhandisi wa programu. Mama apokeapo fedha kwa simu kutoka kwa mwanawe aliyeko Arusha, kazi ya fundi huyo imefika mkononi mwake, ingawa hajui jina lake wala hajapata kumwona.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. Kwanza, programu ni nini. Pili, jinsi fundi wake apandavyo daraja kwa daraja hata akawa kiongozi wa mafundi wengine. Tatu, jinsi kazi yake inavyogeuka apewapo uongozi. Tutachukua mfano wa kweli wa fundi mmoja Mkenya, David Kobia, pamoja na wenzake.

1. Programu ni nini?

Kompyuta ni mashine ya kufanya hesabu na kutunza habari. Simu za mkononi za siku hizi nazo ni kompyuta ndogo. Mashine hiyo ni nyepesi ajabu. Yaweza kufanya mamilioni ya hesabu kwa sekunde moja. Lakini haifanyi neno ila kwa kufuata maagizo iliyoandikiwa. Maagizo hayo, yakiisha kupangwa kwa taratibu, ndiyo yaitwayo programu.

Tuseme mchungaji mgeni ameandikiwa maagizo haya: "Fungua zizi. Toa ng'ombe. Wapeleke mtoni. Wakiisha kunywa, warudishe." Mchungaji mwenye akili, akiona mto umefurika, atangoja, au atatafuta maji mahali pengine. Lakini mashine ifuatayo maagizo hayo haitangoja. Itawatia ng'ombe wote majini, kwa kuwa ndivyo ilivyoambiwa. Basi fundi hodari huongeza maneno: "Kama mto umefurika, usiwaingize. Ngoja, kisha upeleke habari nyumbani." Sehemu kubwa ya ufundi wa programu ni hiyo: kufikiri mapema mambo yote yawezayo kutokea, mazuri na mabaya, na kuyaandikia maagizo.

Tazameni na mfano wa kupeleka fedha kwa simu. Huduma iitwayo M-Pesa ilianzishwa Kenya mwezi wa Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Mtu anapopeleka shilingi 10,000, programu hupaswa kuzitoa katika hesabu yake na kuzitia katika hesabu ya mwenzake. Je, mawasiliano yakikatika katikati, fedha zimekwisha kutoka huku na hazijaingia kule? Fundi ameandika sheria kwamba mambo hayo mawili yawe pamoja, au yasiwe kabisa. Lisipotimia la pili, la kwanza hurudishwa. Bila sheria hiyo watu wangepotewa na mali zao, wala hakuna ambaye angezitumaini tena simu kwa fedha.

2. Madaraja ya ufundi

Fundi wa programu haanzi kwa mambo makubwa. Mtu akitoka chuoni, kwanza huwa kama mwanagenzi. Hupewa kazi ndogo: kusahihisha kosa moja, au kuongeza sehemu moja fupi. Aandikacho hakitumiki mpaka kwanza kimesomwa na fundi mwenziwe, kama vile mwalimu asomavyo insha ya mwanafunzi. Wengine huona aibu kusahihishwa hivyo, lakini hata mafundi wakuu husomewa kazi zao na wenzao, maana jicho la pili huona lisiloonwa na la kwanza.

Baada ya miaka michache mwanagenzi huwa fundi kamili. Sasa huaminiwa kwa kazi nzima. Haambiwi tena, "Andika hivi na hivi," bali huambiwa, "Watu wanataka jambo hili, tafuta njia." Yampasa kuuliza maswali, kupima njia mbili au tatu, na kuichagua moja.

Daraja la tatu ni la fundi mkuu. Huyu hupanga jinsi sehemu nyingi zitakavyoungana, kama vile mwashi mkuu ajuavyo ukuta upi utabeba paa kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Tena huwafundisha walio chini yake. Siku hizi ziko mashine ambazo zenyewe huandika sehemu za programu zikiagizwa. Kwa hiyo kazi ya fundi mkuu ya kupima na kukagua imezidi, haikupungua.

Hapo njia hugawanyika. Wako mafundi wakuu wanaoendelea na ufundi wao maisha yote, na katika makampuni mengi heshima yao na mshahara wao hulingana na wa wasimamizi. Wengine huitwa kuwaongoza mafundi. Watu wengi hudhani kwamba uongozi ni daraja la nne la ufundi ule ule. Sivyo. Ni kazi nyingine.

3. Habari za David Kobia

Mwisho wa mwaka 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa nchini Kenya, na ugomvi mkubwa ukatokea. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu waliyakimbia makao yao. Serikali ilizuia redio na televisheni zisitangaze habari za papo hapo. Watu wengi hawakujua ni wapi penye hatari na ni wapi penye salama.

Mwanasheria mmoja Mkenya, Bibi Ory Okolloh, aliandika katika ukurasa wake wa intaneti akiuliza kama wapo mafundi wawezao kutengeneza ramani ambayo juu yake watu wataonyesha mahali palipotokea mauaji na uharibifu. Erik Hersman, Mmarekani aliyekulia Sudan na Kenya, aliyasoma maneno hayo. Akampelekea habari David Kobia, ambaye wakati ule alikuwa akikaa Alabama, Marekani. Kwa siku chache tu za Januari 2008 programu ikawa tayari, nayo ikaitwa Ushahidi.

Kazi yake ni hii. Mtu aliyeona jambo hupeleka habari kwa simu au kwa intaneti. Habari ile husomwa, hupimwa kama ni ya kweli, kisha alama yake hutiwa katika ramani mahali jambo lilipotokea. Kila atazamaye ramani huona pale penye shida.

Katika siku zile zile Kobia alipata jaribu lingine. Kabla ya hapo alikuwa amejenga Mashada, baraza la maongezi ya Wakenya katika intaneti. Lilikuwa na wasomaji wengi. Lakini wakati wa fujo watu walilijaza matusi na chuki za kabila. Kobia akalifunga. Badala yake akaweka tovuti nyingine, ambayo jina lake la Kiingereza maana yake ni "Sina kabila," ili kuwaunganisha Wakenya waliogawanyika. Fikirini neno hilo. Si jambo jepesi kwa fundi kuifunga kazi ya mikono yake mwenyewe. Mashine ya Mashada haikuwa na kosa lo lote; ilipokea maneno na kuyaonyesha, kama ilivyoagizwa. Kosa lilikuwa katika matumizi yake. Kumbe basi fundi haulizwi tu, "Je, kitu chako kinafanya kazi?" Huulizwa pia, "Kinawafanyia nini wanadamu?" Awezaye kujibu swali hilo la pili ameanza kuwa kiongozi, hata kama hajapewa cheo.

Ushahidi ilipoanza ilikuwa kazi ya watu wachache, iliyoandikwa kwa haraka. Baadaye waliitoa bure, ili fundi ye yote duniani aweze kuisoma, kuitumia na kuitengeneza zaidi. Mafundi wa kujitolea wakajiunga kutoka nchi mbalimbali. Kobia sasa akawa mkurugenzi wa mambo ya ufundi. Yule aliyeandika programu kwa mikono yake alipaswa kuitazama kazi ya wengine, ambao wengi wao walikuwa mbali naye.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la nchi liliipiga Haiti, nchi ya visiwa vya Karibi. Patrick Meier, aliyekuwa akifanya kazi na Ushahidi, alikuwa Boston, Marekani. Alimpigia Kobia simu, na usiku ule ule ramani ya Haiti ikafunguliwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts wakaketi kusoma habari na kuziweka katika ramani. Wenyeji wa Haiti waliweza kupeleka ujumbe wa simu kwa namba 4636. Lakini wengi waliandika kwa Krioli, lugha ya kwao, ambayo waokoaji kutoka nje hawakuijua. Basi Wahaiti waliokaa ng'ambo, pamoja na watu wengine wa kujitolea, wakawa wakifasiri usiku na mchana. Fundi mmoja, hata awe hodari namna gani, asingeiweza kazi hiyo peke yake. Alihitajika mtunza mashine, msoma habari, mfasiri, na mpima ramani, na kila mmoja ajue zamu yake. Mwaka ule ule wa 2010 jarida la Technology Review, la chuo cha MIT cha Marekani, lilimtaja Kobia kuwa mhisani wa mwaka miongoni mwa vijana wavumbuzi wasiozidi miaka 35.

Wala si wanaume tu waliopita njia hii. Bibi Juliana Rotich, Mkenya, alisoma elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City. Alikuwa mmoja wa waanzishaji wa Ushahidi, na baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wake. Wasichana wanaosoma somo hili na walishike jina hilo.

4. Kazi ya kiongozi wa mafundi

Sasa tuulize: fundi akipewa uongozi, ni nini kinachogeuka?

Tazameni mwalimu wa kwaya. Huenda yeye ana sauti nzuri kupita waimbaji wote. Lakini siku ya kuimbisha, hunyamaza. Asiponyamaza hawezi kuzisikia sauti zote nne, wala hatajua kama besi imelegea au kama soprano imekimbia mbele. Mwalimu ambaye, kila mwimbaji akikosea, huimba yeye mahali pake, hana kwaya. Ana sauti moja tu yenye watu wengi nyuma yake. Ndivyo ilivyo kwa fundi aliyepewa uongozi. Jaribu lake la kwanza ni kumnyang'anya kijana kazi na kusema, "Lete, mimi nitamaliza upesi." Kweli atamaliza upesi siku ile, lakini kijana hatajifunza, na kesho kazi itamngoja yeye tena.

Kiongozi mwema hufanya mambo haya.

Huchagua watu na kuwapa kila mmoja kazi ya kadiri yake: si nyepesi hata akazembea, wala si nzito hata akakata tamaa.

Huwaeleza sababu ya kazi. Fundi aliyeambiwa "Andika" bila kuelezwa kwa ajili ya nani huandika maagizo yasiyomfaa mtu.

Huwa daraja kati ya mafundi na wenye kazi. Wenye kazi hutaka yote kwa juma moja. Mafundi hujua kwamba mambo mengine huhitaji miezi mitatu. Kiongozi huwaambia wenye kazi kweli hiyo mapema, ingawa ni chungu, kuliko kuahidi asichokiweza.

Huchukua mzigo wa kosa. Programu ikiharibika na watu wakapata hasara, kiongozi hasemi mbele ya watu, "Ni kijana fulani." Mafundi wa siku hizi wana desturi nzuri: baada ya kosa huketi pamoja, wakaandika kila lililotokea saa kwa saa. Hawaulizi, "Nani wa kulaumiwa?" bali, "Njia gani iliacha kosa hili lipite, nasi tutaizibaje?" Maana mahali ambapo watu huadhibiwa kwa kusema kweli, makosa hufichwa, na kosa lililofichwa hukua.

Mwisho, hujua kukataa. Ikiwa kazi yaweza kufanyika lakini itawadhuru watu, yeye ndiye wa kusema hapana.

Kwa ajili ya mambo hayo kiongozi hupoteza furaha moja, ile ya kumaliza kitu kwa mikono yake mwenyewe na kukitazama jioni. Wako waliojaribu uongozi kisha wakarudi kwenye ufundi, wala si aibu. Lakini wako walioona furaha nyingine, ya kumwona kijana waliyemfundisha akifanya ambalo wao wenyewe hawakuliweza. Bwana wetu aliyewaosha miguu wanafunzi wake alitufundisha kwamba ukubwa wa mtu hupimwa kwa utumishi.

5. Jambo hili linatuhusu nini sisi?

Sisi tunaokaa chini ya mlima Hanang hatuna haja ya kwenda Haiti kutafuta mfano. Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka. Matope, mawe na miti vilishuka hata mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengine wengi wakapoteza nyumba na mali. Majirani na askari walitafuta watu katika matope.

Ramani haichimbi matope; mikono ndiyo ichimbayo. Lakini mchimbaji huhitaji kujua mahali pa kuchimba. Siku kama ile maswali ni mengi: Nani hajaonekana? Njia ipi imezibwa? Nyumba ipi ina watu, na ipi imekwisha kutafutwa? Habari zikija ovyo, watu kumi huenda mahali pamoja na mahali pengine hapaendi mtu. Habari zikipangwa vizuri, kila mkono hupata kazi yake.

Sasa fikirini kazi ya fundi ambaye angetaka kuisaidia Hanang kabla ya siku nyingine kama ile. Lazima afikiri kwamba umeme utakatika, na intaneti huenda ikapotea, lakini huenda ujumbe mfupi wa simu ukapita. Lazima ajue kwamba bibi mzee ataeleza mahali alipo kwa jina la korongo au la mti mkubwa, wala si kwa namba za ramani. Na huenda akasema kwa Kiiraqw au kwa Kidatoga, kama watu wa Haiti walivyoandika Krioli. Ajue pia kwamba habari nyingine zitakuwa za uongo au za kukosea, na lazima wawepo watu wa kuaminika wa kuzipima. Tena, alama ya hatari haifai kitu kama hakuna aliyekubali tangu mapema kwamba yeye ndiye atakayeondoka akiiona. Fundi mgeni, hata awe na elimu nyingi, ataandika programu nzuri ya mahali pasipo petu. Anayeyajua makorongo yetu kwa majina, anayezijua lugha za wazee wetu, na anayeaminiwa na watu hata wakamsikiliza, hakai mbali. Huenda ameketi katika dawati sasa hivi, akisoma ukurasa huu.

6. Atakaye kuishika njia hii

Njia huanza na hesabu, maana hesabu humzoeza mtu kufikiri kwa taratibu. Kiingereza nacho ni cha lazima, kwa kuwa vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa kwa lugha hiyo. Baada ya shule ya sekondari viko vyuo hapa nchini vifundishavyo elimu ya kompyuta, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chuo cha Ufundi Arusha kilicho karibu nasi.

Lakini asiye na kompyuta asingoje. Chukua karatasi, uandike maagizo ya kupika ugali, au ya kwenda kutoka shuleni mpaka kwenu. Mpe rafiki yako ayafuate neno kwa neno, asiongeze wala asipunguze. Utaona upesi mahali ulipokosea. Kisha mwombe naye aandike, wewe usome na kusahihisha bila kumcheka. Katika zoezi hilo moja utakuwa umejifunza mwanzo wa ufundi, na mwanzo wa uongozi.

Maswali

1. Kwa nini mchungaji aliyepewa maagizo machache aweza kuwaokoa ng'ombe, na mashine haiwezi?
2. Programu ya kupeleka fedha hufanya nini mawasiliano yakikatika katikati?
3. David Kobia alilifunga baraza la Mashada kwa sababu gani? Wewe ungefanyaje?
4. Mwalimu wa kwaya na kiongozi wa mafundi hufanana kwa jambo gani?
5. Andika majina matano ya makorongo, miti au mawe ambayo kwayo watu wa kwenu huelekezana njia. Je, majina hayo yamo katika ramani?